Kukata miti na kuchoma mabiwi shambani: vibali, vipimo na namna ya kuuzima moto

Anayetaka kufungua shamba lenye miti na vichaka huhitaji, katika nchi nyingi, ruhusa ya mambo matatu: kukata mti, kuchoma kilichokatwa, na kusafirisha magogo au mbao kutoka shambani. Hizi ni ruhusa tatu tofauti, na mara nyingi hazitoki ofisi moja. Ya kukata hutolewa na watu wa misitu. Ya kuchoma hutolewa na serikali ya mahali au zimamoto. Ya kusafirisha hurudi kwa watu wa misitu, ila kwa karatasi nyingine. Kosa linalowaponza wengi ni kupata ile ya kwanza wakadhani hizo mbili zimo ndani yake.

Umbali kamili, tarehe na masharti hutofautiana nchi kwa nchi, na sheria ndogo huweza kutofautiana hata kati ya vijiji viwili vinavyopakana. Vipimo tunavyotaja hapa ni vya kazi salama. Sheria ya mahali pako ikidai zaidi, fuata sheria.

Kabla panga halijagusa kichaka

Anza na mpaka. Tafuta mawe ya mipaka, vuta kamba kati ya jiwe na jiwe, kisha uone ni miti gani iko upande wako, ipi iko upande wa jirani, na ipi imekaliwa na kamba. Mti uliosimama juu ya mpaka, kwa sheria za sehemu nyingi, ni wa wote wawili. Usiukate kwa neno la mdomo. Pata maandishi yenye sahihi ya jirani na shahidi, hata kama mnaelewana vizuri. Mashamba huuzwa na kurithiwa, na atakayekudai kesho huenda si yule mliyekubaliana leo.

Kisha jua aina ya kila mti. Hapa ndipo wenye mashamba hushangaa: kumiliki ardhi si lazima kumiliki kila mti uliomo. Nchi nyingi zina orodha ya miti iliyohifadhiwa popote inapoota, iwe msituni au nyuma ya nyumba yako. Afisa wa misitu atataka kujua aina, idadi na unene. Unene hupimwa kwenye kimo cha kifua, yaani mita 1.3 kutoka ardhini, na kwenye mteremko hupimwa kutoka upande wa juu. Zungusha utepe kwenye shina, soma mzingo, gawanya kwa 3.14. Mzingo wa sentimita 94 ni kipenyo cha sentimita 30. Weka alama ya rangi kwenye kila mti ulioombewa kibali, na alama ya rangi nyingine kwenye ile itakayobaki. Vibarua hawasomi barua ya afisa, wanasoma rangi.

Kisha angalia maji. Kingo za mito, chemchemi na vinamasi huwa na ukanda usioguswa, kwa sababu mizizi ndiyo inayoshika ukingo. Ukanda huo kwa kawaida haupimwi kuanzia maji unayoyaona kiangazi. Hupimwa kuanzia ukingo wa mto, pale maji yanapofika mvua zikijaa. Anayepima kutoka kwenye kijito cha kiangazi hujikuta amekata ndani ya eneo lililokatazwa, na miche haiwezi kurudisha kwa msimu mmoja kilichojengwa na mizizi ya miaka mingi.

Kwenye mteremko, kata shina lakini acha kisiki na mizizi yake ardhini. Kung'oa visiki kwenye ardhi ya mteremko ni kufungua mifereji kwa mvua ya kwanza. Angalia pia matundu na viota: mti wenye mzinga wa nyuki au kiota chenye makinda usubiri. Na mti wowote ambao ukianguka unaweza kufikia nyaya za umeme si kazi yako. Waite wenye nyaya.

Kuangusha mti

Fyeka kwanza vichaka na magugu kuzunguka shina ili usijikwae, kisha usafishe njia ya kukimbilia. Njia hiyo haiwi nyuma kabisa ya mti, kwani shina huweza kurudi nyuma linapokatika. Iwe ya mshazari, nyuma na pembeni, isiyopungua mita 5, bila gogo wala mzizi wa kukukwaza. Watu wengine wote wakae mbali kwa angalau mara mbili ya urefu wa mti.

Upande unaotaka mti uangukie, toa pengo lenye kina cha robo ya kipenyo, au pungufu kidogo. Kisha nenda upande wa pili, ukate sentimita mbili au tatu juu ya usawa wa sakafu ya pengo hilo, ukielekea pengoni, lakini usilifikie. Acha kipande cha mbao ambacho hakijakatwa, chenye unene wa kama sehemu moja ya kumi ya kipenyo. Kwa mti wa sentimita 40, pengo liwe la sentimita 8 hadi 10, na kipande kinachobaki kiwe cha sentimita 4. Kipande hicho hufanya kazi ya bawaba ya mlango: ndicho kinachouongoza mti wakati wa kulala. Ukikikata chote, mti huanguka unakotaka wenyewe.

Mti ulioegemea sana, uliooza ndani, au ulionasa kwenye mti mwingine mwachie fundi. Shina lililoegemea huweza kupasuka kwa wima kabla hujamaliza kukata, na nusu ya nyuma ikaruka kwa nguvu usoni pa mkataji.

Vya kuchoma na visivyochomwa

Kuchoma kuwe ndiyo njia ya mwisho. Mashina toa kuni au nguzo. Matawi membamba yalaze kwa kufuata kontua, yaani kwa kuukingama mteremko, yakizuia udongo huku yakioza. Majani sambaza juu ya ardhi kama matandazo. Kinachobaki, yaani miiba, matawi yenye ugonjwa na vichaka vilivyosokotana, ndicho cha kuchoma, na huwa kidogo kuliko ilivyodhaniwa mwanzoni.

Kuna vitu ambavyo karibu kila sheria inakataza kuvitia kwenye moto wa shambani: matairi, plastiki, magunia ya nailoni, makopo ya dawa na mbao zilizowekwa dawa. Mbao zilizotiwa dawa ya kijani yenye shaba, kromiamu na aseniki zikiungua huacha aseniki ndani ya majivu, na majivu hayo yakimwagwa bustanini yameweka sumu mahali pa chakula. Mnyaa nao uwe mwangalifu nao: utomvu wake huumiza macho vibaya, na moshi wake pia huwasha.

Kujenga biwi

Biwi zuri ni dogo. Upana wa mita 2 na kimo cha mita 1.5 vinatosha. Biwi la ukubwa huo watu watatu wanaweza kulitawala. Likiwa mara mbili ya hapo, joto lenyewe litawafukuza msifike karibu hata mkiwa na maji.

Mahali: angalau mita 15 kutoka nyumba, banda, ua au nyasi ndefu, na mbali na matawi ya miti inayobaki kwa mara tatu ya kimo cha biwi. Lisiwe chini ya nyaya za umeme, kwa sababu moshi mzito huweza kupitisha umeme kutoka kwenye waya hadi ardhini. Lisiwe juu ya kisiki. Na lisiwe kamwe juu ya udongo mweusi wa kinamasi uliojaa mabaki ya mimea, kwani udongo huo wenyewe ni kuni. Moto ukiingia humo husafiri chini kwa wiki kadhaa, ukatokeza mahali ambapo hakuna aliyewasha.

Kuzunguka biwi, parua ardhi mpaka udongo mtupu uonekane, upana wa mita 3. Kufyeka nyasi peke yake hakutoshi. Chini ya nyasi zilizofyekwa kuna majani makavu na mizizi midogo, na moto hupita humo bila mwali, kama utambi. Jembe lifike kwenye udongo usio na kitu cha kuungua.

Usitie udongo ndani ya biwi. Tingatinga likisukuma vichaka hukusanya na udongo pamoja, na rundo la aina hiyo ndilo baya kuliko yote: haliungui likaisha, wala halizimi. Panga kwa mikono. Vijiti vikavu na majani makavu viwe katikati chini, matawi ya kati juu yake, makubwa mwisho, yote yakilala mwelekeo mmoja na kushindiliwa. Matawi yaliyotupwa ovyo huacha nafasi kubwa za hewa, katikati ikaungua na pembeni ikabaki.

Acha yakauke. Kiangazi, matawi yenye majani huhitaji kama wiki nne hadi sita. Vunja kijiti chenye unene wa kidole: kikipinda, bado, kikilia na kukatika, tayari. Ukihofia mvua ya katikati, funika sehemu ya juu kwa turubai, na uliondoe kabla ya kuwasha. Kuni mbichi ndizo zinazoleta moshi mzito, na moshi ndio unaoleta malalamiko ya majirani na afisa mlangoni.

Kwa nini vibali vina tarehe

Tarehe 8 Oktoba 1871, baada ya kiangazi kirefu, mioto midogo ya kusafishia mashamba na njia ya reli katika jimbo la Wisconsin, Marekani, ilisukumwa na upepo mkali ikaungana. Mji wa Peshtigo uliteketea, na katika eneo hilo walikufa watu zaidi ya 1,000. Mwaka 1997, moto wa kusafisha ardhi nchini Indonesia, katika ukame wa El Niño, ulifunika Singapore na Malaysia kwa moshi, na mwaka 2002 nchi za ASEAN, jumuiya ya Kusini-Mashariki mwa Asia, zilitia sahihi mkataba kuhusu moshi unaovuka mipaka. Mioto mingi ya namna hiyo ilianza kama kazi ya kawaida ya shamba. Ndiyo maana kibali kinataja siku na saa, na ndiyo maana kinaweza kufutwa asubuhi ile ile hali ya hewa ikibadilika. Piga simu siku yenyewe kuuliza kama marufuku yametangazwa.

Jambo jingine la kushika: kibali hakikuondolei dhamana. Moto ukivuka na kuunguza shamba la jirani, kwa kawaida aliyewasha ndiye hulipa, awe na karatasi au asiwe nayo. Kwa hiyo waarifu majirani wote siku moja au mbili kabla, ukitaja saa utakayowasha, na karatasi yako iwe mfukoni pale shambani, isiwe nyumbani kabatini.

Siku ya kuchoma

Upepo kwanza. Unaofaa ni mwepesi na wa upande mmoja, kilomita 5 hadi 15 kwa saa. Huna kifaa? Tazama mti. Ukiusikia upepo usoni na majani yakichakarika, uko kati ya kilomita 6 na 11. Majani na vijiti vikitikisika bila kutulia, umefika 12 hadi 19, na hapo inafaa kusita. Vumbi likiinuka na matawi madogo yakiyumba, umevuka 20: usiwashe. Ajabu kwa wengine ni kwamba upepo ukifa kabisa nao si mzuri, kwa sababu upepo utakaoanza baadaye huwezi kujua utatoka wapi.

Kisha unyevu wa hewa, ambao watu wengi huupuuza kwa kuwa hauonekani. Ukiwa kati ya asilimia 30 na 60, biwi litaungua na cheche zitakazoruka zitakufa. Ukishuka chini ya 30, kila cheche ina nafasi ya kuwasha pale itakapotua. Na unyevu huo hushuka kadiri jua linavyopanda: joto likiongezeka kwa nyuzi 11 hivi, unyevu hupungua kwa karibu nusu. Asubuhi ya nyuzi 20 yenye unyevu wa asilimia 60 huweza kuwa mchana wa nyuzi 31 na asilimia 30, hewa ikiwa ni ile ile. Hivyo moto uliowashwa saa tatu asubuhi ukaonekana mtulivu huwa mkali zaidi saa nane mchana bila wewe kuongeza tawi. Kwa biwi dogo tunapendelea kuwasha kuanzia saa kumi jioni, jua likishuka na unyevu ukipanda, mradi kibali kinaruhusu saa hizo na kuna watu wa kukesha. Kama kibali kinataka kazi iishe kabla ya giza, washa alfajiri nyasi za pembeni zikiwa bado na umande, na uwe umemaliza kulisha kabla ya saa nne.

Wazima moto wana kanuni ya 30-30-30: joto juu ya nyuzi 30, unyevu chini ya asilimia 30, upepo zaidi ya kilomita 30 kwa saa. Vikikutana vyote vitatu, moto hauzuiliki. Wewe usingoje vikutane. Kimoja kikitosha kukutia shaka, ahirisha.

Mahitaji pale shambani, kabla kiberiti hakijatoka: watu wasiopungua watatu, pipa la maji la lita 200 lililojaa na ndoo zake, bomba la mgongoni la lita 15 au 20 kwa kila mtu, jembe, koleo, reki, na simu yenye chaji. Nguo ziwe za pamba, mikono mirefu. Nailoni huyeyuka na kugandama kwenye ngozi.

Washa kwanza konzi ya majani makavu kando ya biwi na utazame moshi wake. Ukipanda juu kisha ukasombwa, vizuri. Ukilala chini na kutambaa bondeni, hewa ya juu imefunga; zima, uje siku nyingine.

Kuwasha na kulisha

Gonga na kutikisa biwi pande zote kabla ya kuwasha, kwani lililokaa wiki sita limeshakuwa nyumba ya nyoka, panya na kobe. Washa upande ule moshi unakoelekea, ili moto urudi nyuma polepole dhidi ya upepo na viumbe wapate upande wa kutokea.

Usitumie petroli. Mvuke wake huwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, ni mzito kuliko hewa, na hutambaa chini hadi miguuni mwako. Aliyemwaga na kurudi nyuma hatua tatu bado amesimama ndani yake. Majani makavu na vijiti vinatosha. Visipotosha, biwi halijakauka, na dawa yake ni kungoja.

Kama una mabiwi kumi, usiwashe yote. Washa moja na ulilishe kwa yale mengine, tawi kwa tawi. Kazi huchukua muda mrefu zaidi, lakini moto haupati kuwa mkubwa kuliko uliouanza, na sehemu ya udongo iliyoungua inabaki moja. Vile visivyoungua vilivyosalia pembeni visukumwe ndani kwa reki. Acha kulisha saa mbili au tatu kabla ya muda uliopangwa kumaliza.

Kwenye mteremko moto hupanda kwa kasi: kila nyuzi 10 za mwinuko huizidisha mara mbili. Biwi likae juu na sehemu iliyoparuliwa iwe pana zaidi upande wa juu yake, na asiwepo mtu anayefanya kazi upande wa juu wa moto.

Moto ukivuka udongo mtupu uliouparua, tuma mtu apige simu kabla ya kuanza kupambana. Shambulia kutoka sehemu iliyokwisha kuungua, ukianzia mkiani, yaani nyuma ulikotoka, na kufuata mbavu zake kuelekea kichwani, yaani mbele unakokwenda. Usisimame mbele yake. Ndimi zikipita mita 1.2, zana za mikono haziwezi tena. Ondoka.

Kuzima

Hapa ndipo makosa mengi huanzia, na mengi hutokana na udongo. Mtu huona makaa mekundu, anachukua koleo na kuyafukia, moshi unakatika, anaenda kulala. Lakini kufukia kuni zinazowaka kwa udongo ndiko kuchoma mkaa. Mchoma mkaa hufanya hivyo makusudi ili joto lidumu ndani kwa siku nyingi. Ukifukia biwi lako umejenga tanuri, na siku ya tatu upepo ukifukua kona moja, cheche hutoka zikiwa na nguvu ile ile.

Fanya kinyume: fungua. Tandaza makaa kwa reki yawe tabaka jembamba. Mwagia maji ukisimama upande upepo unakotoka, kwani mvuke unaoinuka huunguza. Koroga kwa jembe, majivu, maji na udongo kidogo pamoja, mpaka iwe kama tope la kujengea. Mwagia tena, koroga tena. Makaa yanayong'ang'ania kwenye ubavu wa gogo yakwangue kwa jembe, kisha uligeuze gogo uone chini yake. Ukimaliza, vua glavu, pitisha nyuma ya kiganja juu ya tope bila kuligusa, kisha kwa karibu zaidi, kisha liguse. Popote penye joto, rudia.

Visiki vichunguze peke yake. Moto huingia kwenye mzizi, ukaufuata chini ya ardhi, na kuacha shimo lenye ganda jembamba la majivu juu. Kwa macho ni ardhi tu. Mtoto au ng'ombe akikanyaga huzama kwenye makaa. Chimba kufuata mzizi wowote wenye joto hadi ulipo baridi, jaza maji, na zungushia miiba eneo lote kwa siku kadhaa.

Rudi kesho yake saa kumi na mbili alfajiri. Hewa ikiwa baridi, uzi mwembamba wa moshi ambao mchana hauonekani utauona. Rudi tena alasiri, upepo ukiwa umeamka. Fanya hivyo siku tatu mfululizo, na kwa visiki endelea wiki nzima au mpaka mvua nzuri inyeshe.

Majivu yakipoa kabisa, yasambaze kwa wembamba mbali na pale yalipolala. Yana potasiamu, kalisi na fosforasi, ila naitrojeni nyingi imeshapotea na moshi. Pale palipoungua sana udongo huwa mgumu na maji huteleza juu yake. Upasue kwa jembe, changanya na samadi au udongo wa pembeni, na upande huo msimu wa pili.